Hapana, Naomi hangelipuka
Wasee, tangu itoke ile episodi ya The Expanse, ile series ya TV ya mambo ya anga, sizoni ya 5, mahali mhusika Naomi anaruka kutoka meli moja hadi ingine bila suti ya anga, kila mtu hapa Nairobi nikimtajia ananiambia ati ni uongo, ati angelipuka ama agande awe barafu papo hapo. Jamani hiyo sini iko karibu sana na ukweli na ndio maana naipenda hivi!

Ngozi ya binadamu ni ngumu, haipasuki. Mwili unafura, ndio, na mate yanachemka juu hakuna presha ya kuyazuia, lakini damu iko ndani ya mishipa, imebanwa, kwa hivyo haichemki. Mwaka 1966 huko Houston, Jim LeBlanc wa NASA alikuwa anajaribu suti ndani ya chumba kilichotolewa hewa, paipu ikachomoka, akazirai baada ya sekunde kama 14, na kitu cha mwisho anakumbuka ni mate kuchemka kwa ulimi. Wakarudisha hewa haraka, akatoka mzima.

Na baridi? Chai hukaa moto kwa themosi kwa sababu katikati ya kuta zake hakuna hewa ya kubeba joto. Angani ni vile vile, joto linatoka mwilini polepole, isipokuwa penye unyevu kama mdomoni.

Kinachoua haraka ni kukosa oksijeni, ndio maana Naomi alijidunga dawa ya kuongeza oksijeni kwa damu kabla aruke. Na usibane pumzi kabisa, mapafu ndio yatapasuka.