Kununua nyumba Ugiriki: kagua kabla ya kutoa arabuni

Ugiriki humruhusu mgeni kumiliki nyumba moja kwa moja, pamoja na sehemu yake ya ardhi, bila ukomo wa miaka. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo ni jambo kubwa. Tanzania asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya 2010 inamwishia mgeni kwenye miliki ya miaka isiyozidi 99. Ndiyo maana dalali akisema "mgeni hana kizuizi", watu hufurahi, wakatuma arabuni siku hiyo hiyo. Kwa sehemu kubwa ya nchi, dalali hakudanganya. Ila matatizo mengi ya kununua nyumba Ugiriki hayamhusu mnunuzi, yanaihusu nyumba yenyewe, na hayo huwezi kuyaona kwenye picha.

Tuseme umependa nyumba ya vyumba viwili kisiwani Naxos. Kuta nyeupe, roshani imezibwa kwa vioo ikawa sebule, stoo ya chini imetiwa bafu na kitanda, na nyuma kuna kibanda cha jiko la nje. Mhandisi wako anafika na futi yake, anapima kila ukuta, kisha analinganisha vipimo na ramani iliyopitishwa pamoja na kibali cha ujenzi. Kwenye ramani, sebule ile bado ni roshani. Stoo bado ni stoo. Kibanda hakipo kabisa. Wagiriki huita majengo ya namna hiyo afthereta, yaani yaliyojengwa bila kibali au kuzidi kibali, nayo yamejaa nchi nzima, mijini na vijijini, kwa watu wenye heshima zao tu.

Tangu 2011 sheria inataka mhandisi athibitishe kwa maandishi kwamba nyumba inayouzwa haina ujenzi haramu, au kwamba uliokuwapo umerasimishwa. Bila cheti hicho mkataba hausainiwi. Sheria inayotumika sasa ni namba 4495 ya 2017. Mwenye nyumba anatangaza kosa lake kwenye mfumo wa serikali, analipa faini kulingana na ukubwa na aina ya kosa, na jengo linaruhusiwa kuuzwa. Tarehe ya kukariri ni 28 Julai 2011. Kilichojengwa kinyume cha sheria baada ya siku hiyo hakirasimishwi kwa faini, kwa kawaida kinatakiwa kubomolewa. Kwa hiyo kile kibanda cha jiko kinabeba swali zito: kilijengwa lini? Mhandisi hutafuta jibu kwenye picha za zamani za angani, wala hamwachii muuzaji ajibu kwa mdomo. Mhandisi huyo mlipe wewe. Wa muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini anayemtuma kazi ni muuzaji.

Kwa kiwanja au nyumba ya shamba, ukaguzi unaongezeka. Kuna ramani za misitu, na ardhi iliyoandikwa kuwa msitu haijengwi hata kama leo haina mti hata mmoja. Ufukwe ni mali ya umma. Na maeneo ya mambo ya kale yana masharti yake, tena makali.

Wakati mhandisi anapima, wakili anasoma historia ya umiliki. Siku hizi sheria haikulazimishi kuwa na wakili, na hapo ndipo wanaobana matumizi hujiumiza. Ugiriki imekuwa ikihamisha kumbukumbu kutoka masjala za zamani za rehani kwenda kwenye masjala mpya ya ardhi iitwayo Ktimatologio, na wakili anatakiwa kupekua zote mbili: rehani, zuio la mahakama, kesi, deni. Anaangalia pia kama anayeuza ni mmiliki peke yake. Nyumba za urithi vijijini mara nyingi ni za ndugu kadhaa kwa mafungu yasiyogawanywa, mmoja akiwa Australia, mwingine Marekani, na saini ya mmoja hailifungi fungu la mwenzake. Kuna pia nyumba ambayo mtoto ameandikwa mmiliki lakini mama amebakiziwa haki ya kukaa na kuitumia mpaka afe. Ukinunua bila saini ya mama, umenunua pamoja na mama ndani.

Paspoti nayo ina uzito wake. Sheria namba 1892 ya 1990 inataja maeneo ya mipakani ambako asiye raia wa Umoja wa Ulaya huomba kibali kabla ya kununua, kwa kamati maalumu yenye mwakilishi wa Wizara ya Ulinzi. Humo mmo visiwa vya Dodecanese, Rhodes na Kos vikiwamo, vile vya mashariki ya bahari ya Aegean kama Lesvos, Chios na Samos, na wilaya kadhaa za bara upande wa kaskazini. Mswahili mwenye paspoti ya Ujerumani haombi kibali hicho. Mwenye paspoti ya Tanzania, Kenya au Oman anaomba, na anapaswa kuweka muda wa kusubiri kwenye mipango yake.

Hapa ningependa kila msomaji asimame kidogo: hati ya nyumba si ruhusa ya kuishi. Ukiwa na paspoti ya nchi zetu utaendelea kuomba viza ya Schengen, na viza hiyo haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180, hata kama nyumba ni yako na umeme unalipa wewe. Kibali cha ukaazi cha mwekezaji kipo, kilianza 2013 kwa nyumba za kuanzia euro 250,000, lakini matangazo mengi yanayozunguka kwenye WhatsApp bado yanataja bei hiyo kana kwamba hakuna kilichobadilika. Sheria namba 5100 ya 2024 iliweka euro 800,000 kwa Attica, ambamo mna Athens, kwa Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyenye wakazi zaidi ya 3,100, na euro 400,000 kwingineko, kwa nyumba moja isiyopungua mita za mraba 120. Zile 250,000 zimebaki kwa jengo la biashara lililogeuzwa makazi au jengo la kihistoria linalokarabatiwa. Mwenye kibali hicho haruhusiwi kupangisha nyumba kwa siku chache chache kwa watalii, na hakimpi haki ya kuajiriwa. Nyumba yetu ya Naxos, kwa bei ya euro 150,000, haimpi mnunuzi ukaazi wowote.

Hatua za malipo ni fupi ukishavuka hayo. Unachukua namba ya mlipakodi, AFM, yenye tarakimu tisa. Kama hutaweza kusafiri, unampa wakili hati ya uwakilishi, na ubalozi mdogo wa Ugiriki unaweza kuiandaa. Arabuni hufuata hapo, tena kwa mkataba wa awali mbele ya mthibitishaji wa serikali, kwa sababu ahadi ya kuuza nyumba iliyoandikwa pembeni haimfungi muuzaji kukuuzia. Tangu sheria ya mwishoni mwa 2023, bei ya nyumba hailipwi kwa fedha taslimu. Inapita benki, nayo benki itakuuliza pesa zimetoka wapi. Kodi ya uhamisho, asilimia 3.09, hulipa mnunuzi kabla ya kusaini. Kwa nyumba ya euro 150,000 ni euro 4,635, isipokuwa kama makadirio ya serikali yako juu ya bei, maana hapo kodi hufuata makadirio. Bado kuna mthibitishaji, wakili, mhandisi, usajili, na dalali ambaye kwa kawaida hudai asilimia 2 na kodi ya ongezeko la thamani juu yake.

Mkataba husomwa kwa Kigiriki. Usiyejua lugha hiyo unawekewa mkalimani mezani, au wakili anasaini kwa hati ya uwakilishi. Baada ya saini, hakikisha mkataba umeingizwa Ktimatologio, kwani umiliki hukamilika kwa usajili, si kwa kukabidhiwa funguo. Kila mwaka utalipa kodi ya majengo, ENFIA, na kama ni ghorofa, mchango wa gharama za pamoja: lifti, usafi, kupasha joto.

Jambo la mwisho husahaulika mpaka msiba utokee. Ukifa ukiwa unaishi Ugiriki, urithi wako kwa kawaida hugawanywa kwa sheria ya Ugiriki, yenye mafungu ya lazima kwa mwenza na watoto. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 650 ya 2012 inakuruhusu kuchagua, kwa wosia, sheria ya nchi ya uraia wako itumike badala yake. Wosia huo uandike mapema, mwambie wakili auhifadhi pamoja na hati ya nyumba, na walau mtu mmoja wa nyumbani ajue vilipo.