Xiangyang: mji uliofungiwa mtoni

Tukisimulia jinsi Wamongolia walivyoiteka China ya kusini, wasikilizaji huulizia kwanza ule mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Ulitisha kweli. Lakini ulifika mwishoni mwa mzingiro wa Xiangyang, kazi kubwa ikiwa imekwisha kufanyika majini.

Xiangyang uko ukingo wa kusini wa Mto Han, katika jimbo la sasa la Hubei, ukitazamana na Fancheng ng'ambo. Mto Han huingia Yangtze, na Yangtze ndiyo iliyokuwa kinga ya nasaba ya Song, iliyotawala China ya kusini. Liu Zheng, jemadari wa Song aliyehamia upande wa Wamongolia mwaka 1261, aliijua siri hiyo. Alimshauri Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, aanze na Xiangyang, tena kwa merikebu. Mzingiro ulianza 1268. Miaka miwili baadaye, kumbukumbu za Yuan, nasaba ya Wamongolia nchini China, zinataja vyombo 5,000 na wanamaji 70,000, kwa watu waliozoea farasi!

Ndani ya mji nafaka ilikuwepo. Kilichokosekana ni chumvi, kuni na nguo. Mwaka 1272 watu 3,000 wa kujitolea, wakiongozwa na Zhang Shun na Zhang Gui, walipenya usiku kwa mashua. Zhang Gui alifika. Zhang Shun alionekana siku chache baadaye akielea, maiti, deraya mwilini na upinde bado mkononi.

Ndipo wakaja mafundi Ismail na Ala al-Din, waliotumwa na Abaqa, mtawala wa Wamongolia huko Uajemi. Mitambo ya zamani ya China ilivutwa kwa kamba na watu wengi. Huu wao ulitumia uzito: sanduku zito likiporomoka, mkono mrefu unafyatuka na kurusha jiwe la kilo 90 hivi. (Kitabu cha Marco Polo kinadai akina Polo ndio walioutengeneza. Haiwezekani, kwani Marco alifika China yapata 1275.)

Mapema mwaka 1273 Wamongolia walikata daraja la kuelea lililounganisha miji hiyo miwili, wakaivunja Fancheng na kuwaua watu wake. Kisha mtambo ukageuzwa kuelekea Xiangyang, na jiwe likapiga mnara kwa kishindo kama radi. Lü Wenhuan, jemadari wa Song aliyeulinda mji kwa miaka yote hiyo bila jeshi la kumwokoa kufika, akasalimu amri.

Hakuuawa. Mwaka 1274 alikuwa pamoja na jeshi la Bayan, jemadari wa Wamongolia, likiteremka mto, akiwashawishi makamanda wa Song, baadhi yao jamaa zake, wafungue malango. Mwaka 1276 mji mkuu, Hangzhou ya leo, ukajisalimisha.