Aliyesoma Kitabu Bado Hajaucheza Mchezo

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu ninayemheshimu, kwamba mchezo wa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, uliotokana na kisa cha kuchekesha cha safari za anga cha mwandishi Mwingereza Douglas Adams, ni kitabu kilekile kilichoingizwa kwenye kompyuta, kwa hiyo aliyekimaliza kitabu ana majibu yote kiganjani, na akikwama basi mchezo ndio mbovu. Mimi hutunga michezo ya matukio ya maandishi, ambamo mchezaji husoma kisa kwenye kompyuta na kuandika amri za kukiendesha, na kazi hii hunilazimu kusoma maoni mengi ya wasomaji na ya wachezaji kuhusu michezo iliyotutangulia. Sijaona mwingine unaopimwa mara nyingi hivi kwa kipimo kisicho chake.

Nianze na hilo neno "kilekile". Douglas Adams alianza na tamthilia ya redio, iliyorushwa na BBC Radio 4 kuanzia Machi 1978. Kitabu kilifuata mwaka 1979, televisheni mwaka 1981, na mchezo ukatolewa mwaka 1984 na kampuni ya Infocom ya Marekani, ukiwa umetungwa na Adams mwenyewe pamoja na Steve Meretzky, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametoa Planetfall, mchezo mwingine wa kuchekesha wa safari za anga. Kila aliposimulia upya kisa hiki, Adams alikibadilisha. Anayedai kwamba mchezo umekisaliti kitabu anakifanya asili kitu ambacho chenyewe kilizaliwa cha pili. Hapo sina la kuongeza.

Linalostahili kuzungumzwa kwa kirefu ni jinsi ujuzi wa msomaji unavyotumika ndani ya mchezo. Mwanzoni humsaidia kweli. Arthur Dent, mhusika mkuu ambaye mchezaji huchukua nafasi yake, anaamka kichwa kikimgonga, nyumba yake imo mbioni kubomolewa, na aliyesoma kitabu anajua kwamba inampasa kulala mbele ya tingatinga, kumsubiri rafiki yake Ford Prefect, kisha kwenda kunywa bia kabla Dunia haijaangamizwa. Zamu hizo za kwanza humpa msomaji imani kwamba njia imeshachorwa. Kisha anafika kwenye chombo cha anga cha Wavogoni, viumbe wanaoiangamiza Dunia, mahali ambapo kitabuni Ford humtia Arthur sikioni samaki wa Babeli, samaki mdogo anayemtafsiria aliyemvaa lugha zote, na mambo yakasonga mbele. Katika mchezo kuna mashine yenye kitufe, na hapo ndipo kumbukumbu ya kitabu inapokoma kuwa na kazi.

Naomba tulitazame fumbo hili kwa karibu, maana ndilo linalotajwa katika kila lalamiko ninalolisoma. Unabonyeza kitufe, samaki anachomoka, anavuka chumba na kupotelea katika tundu la ukutani, chini kidogo ya kulabu ya chuma. Unatundika joho lako la nyumbani kwenye kulabu na kubonyeza tena: samaki anagonga joho, anateleza hadi sakafuni na kutumbukia katika tundu la kupitishia maji. Unalifunika tundu hilo kwa taulo. Sasa samaki anaangukia taulo, lakini roboti ya usafi inaingia mbio, inamkamata na kutokomea kwa kijimlango kilicho chini ya ukuta. Unaweka mkoba wa Ford mbele ya kijimlango. Roboti inajikwaa kwenye mkoba, samaki anarushwa juu, na roboti nyingine, ambayo kazi yake ni kusafisha nusu ya juu ya chumba, inamdaka hewani na kuondoka naye. Mwishowe unaweka rundo la barua za matangazo juu ya mkoba; roboti inagonga, barua zinatapakaa hewani pamoja na samaki, roboti ya juu inahangaika kuziokota, na samaki anatua moja kwa moja sikioni mwako.

Hili ndilo fumbo linaloitwa la kikatili, hata Infocom wakauza fulana za kujivunia kulitegua. Mimi nasema, na nitaendelea kusema, kwamba kwa sehemu yake kubwa ni fumbo la haki kuliko mengi niliyopata kuyacheza. Kila jaribio lina jawabu lake. Ukishindwa, unaoneshwa waziwazi ulichoshindwa, na picha ya kushindwa kwako ndiyo inayokupa hatua inayofuata. Kila hatua pia ni kichekesho kamili, kwa sababu msomaji wa riwaya humcheka Arthur kwa mbali, ilhali mchezaji ameshika kitufe mwenyewe, ametumaini mwenyewe, na amedhalilishwa mwenyewe na roboti ya usafi. Kichekesho cha namna hiyo hakiwezi kuandikwa kitabuni, kwa kuwa kinahitaji mtu wa kubonyeza. Kasoro ninayoikubali ni kwamba samaki waliomo mashineni ni wachache na huisha, na mchezaji anayejifunza kwa kukosea anaadhibiwa kwa kujifunza. Hapo mtunzi amekwenda kinyume na wema wa fumbo lake mwenyewe.

Dhuluma iliyo dhahiri iko kwingine, na inanichosha kuona haitajwi. Zile barua za matangazo zilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya Arthur. Usipoziokota asubuhi ile, hutazipata tena, kwa kuwa nyumba itabomolewa na Dunia itafuata, nawe utahangaika na mashine ya samaki bila kuambiwa kwamba umeshashindwa tangu hujatoka nyumbani. Mchezo unaendelea kukukaribisha uandike amri, lakini haushindiki tena. Mswaki, ambao nao ni kimojawapo cha vifaa vya kuokotwa nyumbani kwa Arthur, ni vivyo hivyo: karibu na mwisho roboti Marvin anahitaji kifaa kimoja, na mchezo umeandikwa ili akuombe kile usichonacho, hivyo kifaa kimoja tu ulichokiacha Duniani kinatosha kukufungia njia. Fumbo gumu humwambia mchezaji "bado". Fumbo dhalimu humnyamazia. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yetu, na wahakiki wanaotupa samaki wa Babeli na barua za matangazo katika kapu moja la "ugumu" hawatusaidii sisi tunaotunga, wala hawawasaidii wanaotaka kujua kama wacheze.

Hata hivyo lazima nikiri jambo linalonitatiza. Kuna mbwa. Katika kitabu, kundi la vyombo vya kivita vilivyosafiri anga nzima linamezwa na mbwa mdogo kwa sababu wapiganaji wamekosea vibaya vipimo vya ukubwa. Katika mchezo, usipompa mbwa huyo mkate wa jibini ulipokuwa Duniani, baadaye sana utajikuta ndani ya vyombo hivyo hivyo na kumezwa pamoja navyo. Asiyesoma kitabu hana sababu yoyote ya kumlisha mbwa wa njiani. Aliyekisoma huenda akamkumbuka. Kwa hiyo madai yangu kwamba kitabu hakikupi majibu yana tundu mahali hapa, na kibaya zaidi, tundu hilo limewekwa penye adhabu iliyo kali kuliko zote. Nimejaribu kujishawishi kwamba kifo hicho kinafidiwa na ucheshi wake. Siku nyingine nakubali, siku nyingine sikubali. Ninajua pia kwamba hukumu yangu ina doa, kwa maana mara ya kwanza nilipoucheza nilikuwa nimeshaambiwa nisiziache barua. Sikuwahi kuonja uchungu ninaoujadili hapa, na mtu aliyepoteza jioni nzima kwa ajili ya rundo la karatasi ana haki ya kuniona mwepesi.

Ninachoweza kukitetea bila kusita ni vichekesho ambavyo mchezo peke yake unaviweza. Orodha ya vitu ulivyonavyo inasema una "kutokuwa na chai", kama vile kukosa chai ni kitu kinachobebwa. Msomaji anacheka na kupita. Mchezaji anagundua baadaye kwamba ni kitu kweli: inambidi aingie katika ubongo wake mwenyewe, aondoe chembe ya akili ya kawaida, kisha awe na chai na kutokuwa na chai kwa wakati mmoja, ili mlango unaodai uthibitisho wa akili ukubali kumpitisha. Mzaha wa maneno umegeuzwa kuwa sheria ya ulimwengu, na kichanganuzi cha amri, yaani sehemu ya programu inayosoma anachoandika mchezaji, kinautii. Anayeuita mchezo huu nakala ya kitabu anioneshe ukurasa wenye tukio hilo.

Wasomaji hulalamika pia kwamba kisa kinakatika mara tu unapotaka kukanyaga sayari ya Magrathea. Ni kweli kinakatika. Mchezo wa pili ulikusudiwa na haukuja, na lalamiko hilo nalikubali lote.

Limebaki suala la msimulizi, ambalo wachezaji wamegawanyika juu yake, nami nimegawanyika ndani yangu. Katika chombo cha Heart of Gold unataka kuingia chumba cha mitambo. Msimulizi anakuzuia, anakuuliza kama una hakika, na ukishaingia anasema hakuna cha kuona. Ukiuliza tena anashikilia. Unarudia mara kadhaa, na hatimaye anasalimu amri na kukuonesha. Msomaji wa kitabu hawezi kabisa kudanganywa hivi, kwa sababu hana njia ya kuuliza mara ya pili. Wapo wanaoona hapo ndipo ucheshi wa mchezo ulipofika kileleni. Wapo wanaosema kwamba mchezaji hana macho mengine isipokuwa maneno ya msimulizi, na maneno hayo yakishasema uongo mara moja, kila "hakuna kitu hapa" inayofuata inageuka kuwa mzigo wa kurudia amri ileile mara tatu katika kila chumba. Nimecheka mahali hapo kila nilipopita. Katika michezo yangu mwenyewe sijathubutu kufanya hivyo hata mara moja.