Fomula inayovunjika kwenye 40

Kila likizo ndefu ya majira ya joto mimi hufundisha hisabati na uandishi wa programu kwa watoto wa miaka 11 hadi 14 ambao, darasani kwao, wamezoea kumaliza zoezi kabla mwalimu hajamaliza kuliandika ubaoni. Wengi hudhani kazi yangu ni kuwatanguliza kwenye mada za madarasa ya mbele. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo, na nilijuta. Mbio watoto hawa wanazijua tayari. Wasichokijua ni kukaa siku mbili na swali lisilotoa jibu, na kompyuta, kwa wepesi wake, huweza kuwazidishia udhaifu huo.

Ndiyo maana huanza na n² + n + 41, fomula inayohusishwa na mwanahisabati Euler, na kuwauliza kama daima hutoa namba tasa. Ukiweka 0 unapata 41, ukiweka 1 unapata 43, ukiweka 2 unapata 47. Wanaandika kitanzi kifupi, yaani maagizo yanayojirudia, kwa lugha ya programu ya Python, wanajaribu kuanzia 0 hadi 39, na majibu yote 40 yanatoka tasa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, arobaini bado hazitoshi?” Nikamwambia aongeze moja tu. Ilitoka 1681, programu ikasema si tasa, naye, badala ya kuishuku fomula, akaanza kuikagua programu yake mstari kwa mstari. Nilimwacha, kisha nikampa karatasi. Baada ya muda aliona kwamba n ikiwa 40, n² + n ni 40 × 41, na ukiongeza 41 nyingine unapata 41 × 41. Kalamu ilieleza sababu. Kompyuta ilikuwa imetoa taarifa tu.

Tangu hapo nina sharti moja: hakuna anayeendesha programu kabla hajaandika makisio yake daftarini. (Hulalamika sana siku ya kwanza.)

Sharti hilo huzaa matunda tunapofika kwenye swali la Collatz: namba shufwa igawe kwa 2, witiri izidishe kwa 3 kisha uongeze 1, na urudie hadi ufike 1. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba kila namba hufika. Kwa kuwa 26 humaliza kwa hatua 10, karibu wote hukisia kwamba 27 itakaribiana nayo, kumbe hupanda hadi 9232 na kutumia hatua 111. Jirani yake 28 hutumia 18 tu, na hapo ndipo huwataka waandike njia nzima kwa mkono. Anayeandika kwa makini hugundua kwamba hatua ya nane ya 28 ni 26 yenyewe, kwa hiyo zilizobaki ni zile 10 alizokwisha kuzihesabu, na kwa kawaida huyo ndiye anayerudi kwenye kompyuta akiomba nimwonyeshe jinsi programu inavyoweza kutunza majibu ya zamani.