Ellison Onizuka: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Ikitajwa Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani kilichoangamia Januari 1986 pamoja na wanaanga wake saba, wengi hukumbuka ule moshi mweupe uliopasuka angani, na mwalimu Christa McAuliffe. Ellison Onizuka hubaki jina tu miongoni mwa wale saba, na hata hayo machache yanayosemwa juu yake mara nyingi yamepotoka.

Kwanza, wapo wanaodai alikuwa Mjapani. Hapana. Alikuwa Mmarekani, mjukuu wa wahamiaji kutoka Japani, aliyezaliwa tarehe 24 Juni 1946 Kealakekua, kwenye kisiwa cha Hawaii, katika familia ya wakulima wa kahawa wa Kona, eneo la kisiwa hicho. Mjapani wa kwanza kufika anga za juu ni Toyohiro Akiyama, Desemba 1990, Onizuka akiwa ameshafariki. Wala si kweli kwamba ndiye Mwasia wa kwanza kufika huko, kwani Pham Tuan wa Vietnam alimtangulia mwaka 1980. Onizuka ni Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Asia, na sifa hiyo inajitosheleza bila kuongezewa chumvi.

Pia huitwa rubani wa Challenger. Rubani alikuwa Michael Smith, chini ya kamanda Dick Scobee. Onizuka alikuwa mhandisi wa anga: shahada ya kwanza na ya uzamili alizipata Chuo Kikuu cha Colorado, zote mwaka 1969, kisha akaingia Jeshi la Anga. Ni kweli alipita shule ya marubani wa majaribio huko Edwards, California, ila kwa upande wa uhandisi wa majaribio ya ndege. Alikuwa na zaidi ya saa 1,700 za kuruka kwa ndege.

Dhana nyingine ni kwamba wote walikufa papo hapo chombo "kilipolipuka". Sekunde ya 73 tangi kubwa la mafuta lilivunjika, na nguvu ya hewa ikakirarua chombo. Chumba cha wanaanga kilichomoka kikiwa kizima, kikapanda hadi kama kilomita 20, kisha kikaanguka baharini baada ya takriban dakika mbili na sekunde 45. Kati ya mitungi minne ya hewa ya dharura iliyopatikana, mitatu ilikuwa imefunguliwa, ukiwemo wa Smith. Swichi ya mtungi wa Smith ilikuwa nyuma ya kiti chake, mahali ambapo Onizuka au mwanaanga mwenzake Judith Resnik angeweza kuifikia. Ripoti ya kitabibu ilisema huenda walipoteza fahamu katika sekunde za mwanzo, bila kuwa na hakika.

Lakini dhana inayoniuma kuliko zote ni kwamba ajali ile haikutarajiwa na yeyote.

Roketi saidizi, zile zilizokisukuma chombo kupaa, zilijengwa kwa vipande, na maungio yake yalizibwa kwa pete mbili za mpira. Mpira ukipata baridi hukakamaa. Roketi inapowashwa na ungio kufunguka kidogo, pete haiwahi kuziba mwanya, na gesi ya moto hupenya. Hivyo ndivyo Challenger ilivyoangamia. Onizuka alikuwa ameshasafiri mara moja kabla ya hapo, kwa chombo cha Discovery, Januari 1985, katika safari ya kijeshi. Siku hiyo maungio yalikuwa kwenye nyuzijoto 12 hivi. Roketi zilipoopolewa baharini, wahandisi walikuta masizi meusi kati ya pete: gesi ya moto ilikuwa imeshaipita pete ya kwanza. Kwa hiyo onyo lilitoka kwenye safari iliyombeba Onizuka mwenyewe, mwaka mzima kabla.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, akiwemo Roger Boisjoly, waliutumia ushahidi huohuo kuomba safari iahirishwe. Wakuu wao waliunga mkono mwanzoni, kisha wakageuka. Asubuhi hewa ilikuwa na nyuzijoto mbili tu. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba walioamua chombo kirushwe hawakuwa wameambiwa kuwa wahandisi walipinga. Katika chombo hicho aliketi mhandisi aliyefanya kazi ya kupima ndege kwa miaka, na naamini angeielewa hoja yao vizuri kabisa.