Kolaida inavunja nini hasa?

Miaka mingi nilijua kolaida, ile mashine ya kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu, ni nyundo ya bei mbaya. Yaani unachukua protoni mbili, unazigonganisha zipasuke, halafu unachungulia ndani mlikuwa na nini, kama mtoto anavyovunja redio amtafute anayeongea. Kumbe nilikosea, japo siyo kote, maana protoni kweli ina vitu ndani, kwaki na gluoni.

Ila hebu fikiria Higgs, ile chembe iliyotangazwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, tarehe 4 Julai 2012. Ni nzito kama mara 133 ya protoni, sasa ilikuwa imejificha wapi humo ndani? Ni baiskeli mbili zinagongana halafu katikati linatokea lori. Lori halikuwemo, limetengenezwa palepale, ile nishati ya mwendo ndo imegeuka kuwa uzito, E=mc² ya Einstein hiyohiyo. Kwa hiyo kolaida ni kiwanda zaidi kuliko nyundo, inatengeneza chembe ambazo hazidumu hivyo huwezi kuziokota popote.

Sasa kwa nini uso kwa uso, si wangegonga tu kitu kilichotulia? Gari likiligonga lingine lililopaki bila breki, yote mawili yanasukumwa mbele, na huo mwendo unaobaki ni nishati iliyopotea bure. Yakigongana uso kwa uso kwa spidi sawa yanasimama hapohapo na kila kitu kinaishia kwenye ajali. Kwa chembe zinazokaribia spidi ya mwanga tofauti inatisha: protoni ya LHC, kolaida ya hapo CERN, yenye GeV 6,800 (GeV ni kipimo cha nishati) ikigonga protoni iliyotulia, inayobaki ya kutengenezea ni kama 113 tu, na Higgs inataka 125, yaani hata moja hupati! Uso kwa uso unapata 13,600. Si kwamba yote inatumika, wanaogongana kiukweli ni kwaki na gluoni na kila mmoja kabeba kafungu kake tu, ndo maana Higgs inatokea kama mara moja kwenye migongano bilioni, na ikitokea inasambaratika hapohapo, wanaisoma kwenye mabaki.

Wengi walitarajia pia mata nyeusi, ile isiyoonekana angani ila mvutano wake tu, itajitokeza, mpaka sasa kimya.

Na hizo GeV 13,600 zote, kutoka kwenye pete ya LHC ya kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ni nishati ya mbu wachache wakiruka, ila imebanwa kwenye nafasi ndogo kuliko atomu.