Bima ya Afya Baada ya Kustaafu: Nani Hulipa, na Hulipia Nini?

Barua ya kustaafu hueleza kiinua mgongo na pensheni kwa kina, lakini bima ya afya huachiwa mstaafu ajitafutie mwenyewe. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 1, 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri ndiye huwasilisha fedha hizo kila mwezi. Mshahara ukikoma, makato nayo hukoma. Tangu hapo mstaafu huhesabiwa miongoni mwa wasiolipwa mshahara, ambao mchango wao hutokana na tathmini ya uwezo wa kaya na hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Kaya inayokadiriwa kupata shilingi 20,000 kwa mwezi hutakiwa kulipa 6,600 kwa mwaka, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Tatizo ni kwamba tathmini huangalia pia nyumba, maji, choo na nishati ya kupikia, hivyo mzee wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, aliyenunua nyumba enzi za mshahara anaweza kuonekana tajiri kuliko pensheni yake. Kwa maoni yangu, huyo asinung'unike pembeni, bali aombe kutathminiwa upya. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo anaweza kutumia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo.

Matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina nyingine, isiyo ya michango hii, kwa hiyo mwenye presha au kisukari asisubiri kukamilisha mchango ndipo aende kliniki. Kulazwa hospitalini ndiko huhitaji mchango uliolipwa: bima hulipa shilingi 4,480 kwa siku katika hospitali ya kiwango cha sita, yaani ya juu kabisa ya rufaa, kama Kenyatta, na 10,650 kwa kila awamu ya kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, tofauti humwangukia mgonjwa, na ni busara kuiulizia kabla ya kulazwa.

Jambo la mwisho huwahusu watoto walioajiriwa: mzazi haingii katika bima ya mwanawe. Hujisajili mwenyewe, kwa kupiga *147# kwenye simu au kwa kusaidiwa, ingawa mwana anaweza kumlipia mchango.